Boila ya gesi inayojazwa kirahisi mno: tathmini baada ya misimu miwili ya baridi

Boila ninayoitathmini hapa ni ya gesi, ya kutundikwa ukutani, ya aina inayopasha maji ya kuoga papo hapo na pia kuzungusha maji ya moto katika rejeta, yaani vipasha joto vya chuma vya vyumbani, za nyumba nzima. Jina la kiwanda nitaliacha, kwani kasoro ya mashine moja haitoshi kukihukumu kiwanda kizima. Kuhusu joto sina la kulalamikia: nyumba inapata moto upesi, maji ya bombani hayabadiliki joto ghafla, na kelele zake hazimwamshi mtu. Kilichonifanya niandike ni presha ya maji, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ikishuka bila mimi kuelewa sababu, na namna boila yenyewe ilivyonisaidia kutoielewa.

Mwongozo wake unaagiza kwamba boila ikiwa imepoa, presha iwe kati ya baa 1 na 1.5 (baa ni kizio cha kupimia presha). Yangu ilikuwa ikianza wiki kwenye 1.3 na kuimaliza karibu na 0.5, ambapo mashine hujizima na kuonyesha alama ya hitilafu, kwa kawaida alfajiri, wakati ambao baridi ni kali kuliko wakati wowote. Kujizima huko si kosa, maana kuwasha moto penye maji haba kungeweza kuunguza sehemu ya ndani inayopasha maji. Jambo la kushangaza ni kwamba mzunguko wa rejeta umefungwa kabisa, maji yaleyale yanazunguka mwaka hadi mwaka, na presha haipungui bure: ama maji yametoka mahali, ama hewa iliyowekwa makusudi ndani ya mfumo imepotea. Mwongozo haukusema hivyo popote. Ulichosema ni kwamba nijaze maji.

Na kujaza, lazima nikiri, kumerahisishwa vizuri. Mifumo mingine ina mpira mfupi wenye koki mbili unaounganisha bomba la maji baridi na mzunguko wa rejeta, na baada ya kujaza inafaa uuchomoe na kuuweka kando. Hii yangu ina kishikio kimoja chini ya boila. Unakivuta, unatazama geji ikipanda, unakiachia, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Kwa sababu ya wepesi huo nilijaza karibu kila wiki kwa msimu mzima, nikajiona fundi. Sikujua kwamba kila maji mapya yanayoingia huja na oksijeni inayozitia kutu rejeta za chuma, kutu hiyo hugeuka tope jeusi linaloziba njia za maji, na dawa ya kuzuia kutu iliyotiwa ndani ya maji ya mzunguko inazidi kuzimuliwa. Kifaa kinachorahisisha tiba ya dalili bila kutaja ugonjwa kina hasara yake.

Nilipochoka, nilikagua maungio yote na chini ya kila rejeta, nikakuta pakavu. Jibu lilikuwa kwenye geji, lakini nilikuwa nikiitazama wakati mbaya. Jioni moja niliitazama boila ikiwa imewaka kwa saa nzima, na presha iliyokuwa 1.3 asubuhi ilikuwa imekaribia 3. Kwenye baa 3 valvu ya usalama hufunguka na kumwaga maji kupitia bomba linalotokeza nje ya nyumba. Boila ikiwa imezimwa na kupoa, nilifunga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa bomba hilo. Kesho yake ulikuwa na maji. Kwa hiyo presha ndogo ya asubuhi ilikuwa mtoto wa presha kubwa ya usiku.

Chanzo ni tangi dogo la chuma lililofichwa ndani ya boila, lililogawanywa na kiwambo cha mpira, upande mmoja maji na upande wa pili hewa. Maji yanapopashwa kutoka ubaridi wa kawaida hadi nyuzi 80 hutanuka kwa takribani asilimia 3, yaani mfumo wenye lita 100 unahitaji nafasi ya lita 3 hivi za ziada. Hewa ya tangi ndiyo inayobonyea kuipisha nyongeza hiyo. Ikipungua, maji hayana pa kwenda ila nje, na yakipoa yanaacha pengo ambalo mimi nilikuwa nikilijaza kwa kishikio.

Huduma ya mafundi nayo inastahili kusemwa. Wa kwanza alitoa hewa kwenye rejeta, jambo ambalo lenyewe hupunguza presha, akajaza maji na kuondoka. Wa pili, mwenye leseni ya kazi za gesi, alishusha presha ya maji hadi sifuri kwanza, kwa kuwa bila hivyo kipimo cha hewa ya tangi hudanganya. Kisha akabonyeza pini ya valvu ya hewa, inayofanana na ya tairi. Ikatoka hewa dhaifu badala ya maji, ishara kwamba kiwambo hakijapasuka. Akapampu hadi baa 1, akabadilisha na valvu ya usalama, kwani ikishafunguka mara nyingi uchafu hukwama kwenye kikalio chake na haifungi tena sawasawa. Sikumwonea wivu: kuifikia valvu ya hewa alilazimika kufungua kifuniko cha mbele, ambacho kwa boila hii kinaziba moshi na hakipaswi kuguswa na mtu asiye na leseni kwa hatari ya hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni, halafu apenyeze mkono kati ya juu ya tangi na dari.

Tangu siku hiyo geji inasoma 1.2 boila ikiwa baridi na 1.7 ikiwa moto, na kishikio sijakigusa kwa miezi mitatu. Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Moja imepotea kwa sababu skrini yake, ambayo ina uwezo wa kuonyesha mengi, haihifadhi presha ya juu iliyofikiwa wala idadi ya mara maji yalivyoongezwa, taarifa mbili ambazo zingenifumbua macho katika wiki ya pili. Nyingine imepotea kwa mahali ilipowekwa valvu ya hewa. Anayepanga kuinunua amwambie fundi, kabla hajatoboa ukuta, aishushe kiasi cha kupitisha mkono na mpira wa pampu juu yake.