Injini kuukuu ya lori kwa gari ya mbao: ipi ununue na uikague vipi

Wengi mnaofufua malori ya Bedford ya zamani, hizi gari zetu za shamba zenye bodi ya mbao za kubebea abiria na mizigo, mkienda kutafuta injini swali la kwanza ni "ipo kubwa?" Nakwambieni ukubwa uweke mwisho kabisa. Injini ya silinda 6 yenye kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) iliyokwisha ni chuma chakavu, na ya silinda 4 nzima itakupandisha kilima chochote Pemba na mzigo wako. Kwa hivo mpangilio wangu hapa unaanzia na injini unayoweza kuikagua ukiwa umesimama, ukapata spea zake, na fundi wa hapahapa akaijua.

Namba moja kwangu ni Isuzu 4BD1. Silinda 4, cc 3856, dizeli inapigwa moja kwa moja juu ya pistoni, taiming (kinachofungua valvu kwa wakati wake) ni ya gia hakuna mkanda wa kukukatikia njiani, pampu ni ile ndefu ya mstari ambayo fundi pampu anaifungua bila kubabaika, na slivu zake, yale mabomba ya ndani ya silinda pistoni zinamopita, zinachomolewa, kwa hivo silinda zikiliwa blok huitupi. Sijaona injini ya zamani inayosamehe kama hii.

Ya pili Mitsubishi 4D33 ya Canter, cc 4214. Nguvu anayo na spea hazikusumbui mana Canter zimejaa. Nimeishusha ya pili kwa sababu nyingi zinazouzwa zishabeba mchanga na mawe mpaka zimechoka, ila ukipata iliyoingizwa nchini ikiwa bado ndani ya kichwa cha gari kilichokatwa, haijafunguliwa bado, chukua.

Ya tatu ndo hiyo inayotamaniwa, Isuzu 6BD1, cc 5785. Ni dada wa 4BD1, kipenyo cha silinda kilekile milimita 102 na mwendo wa pistoni 118, kaongezewa silinda mbili tu. Kama lori lako kazi yake ni kushusha magunia ya karafuu na ndizi kwenye vile vilima vya njia ya zamani ya Chake kwenda Wete, sawa, inunue. Lakini ni ndefu, ni nzito, inataka rejeta kubwa na springi za mbele zenye nguvu, na dizeli inakunywa kweli. Kwa abiria wa Unguja barabara tambarare sikushauri.

Toyota 14B ya Dyna, cc 3660, naiweka ya nne, injini tulivu na nyepesi, nzuri kwa bodi ndogo. Ya mwisho ni Bedford 330 yenyewe, lita 5.4. Mlio wake naupenda na gari ikibaki na injini yake ya asili ina heshima yake, lakini General Motors waliuza biashara ya malori ya Bedford 1987, saivi spea ni za kuokoteza, kwa hivo kama huna injini ya pili ya kuchomolea vitu usijitese.

Haya, kukagua sasa, na hapa yakhe usiwe na haraka. Nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiiwashe. Ukifika weka kiganja kwenye blok, ikiwa vuguvugu jua kashaipasha, rudi siku nyengine. Ikiwa baridi iwashwe mbele yako: moshi mweupe kidogo ukapotea si neno, wa buluu usiokwisha ni oili inaungua, mweusi mwingi nozeli au pampu au hewa haiingii vizuri. Kisha fungua kifuniko cha kumiminia oili injini ikiwa inaunguruma, ikipumua kwa nguvu na kurusha matone ringi zimekwisha. Angalia na maji ya rejeta, mapovu yanayopanda mfululizo ni gasket ya silinda hedi au hedi yenyewe imepasuka, na oili iliyogeuka rangi ya maziwa ishaingia maji.

Halafu mwambie fundi alegeze nati ya bomba la nozeli, silinda moja baada ya nyengine. Akilegeza mlio lazima ubadilike, injini iyumbe. Silinda ambayo akilegeza husikii tofauti yoyote hiyo haifanyi kazi. Mwisho zima, tia mtaimbo nyuma ya puli ya kranki uisukume mbele na nyuma, kulegea kwake ukikuona kwa jicho achana nayo hata kama bei nzuri vipi, mana kusaga kranki na kutafuta beringi za saizi yake kutakula pesa kuliko injini yenyewe.

Na kwetu visiwani kuna jambo la kuogopa zaidi, injini iliyotoka kwenye boti. Injini za malori zinafungwa kwenye vyombo vya baharini, zikichoka zinarudishwa nchi kavu zinapakwa rangi. Chomoa mpira wa maji uchungulie ndani, kama kuna ukoko mweupe na chuma kinabanduka magamba, au vile visahani vya bati ubavuni mwa blok vimeliwa, hiyo ishapitishwa maji ya chumvi na rangi mpya isikudanganye.

Nunua pamoja na gia boksi yake, stata, alteneta na mauntingi, kuunganisha na gia boksi ya Bedford ni kazi ya tona (fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine) na pesa. Uliza umeme, lori nyingi za Japani ni volti 24, gari yako ikiwa ya 12 taa na vifaa vya umeme vinabadilika. Pima na sampu (bakuli la oili chini ya injini) isije ikagonga ekseli ya mbele.

Kabla hujalipa soma namba ya injini kwenye blok kwa macho yako, ifanane na ya kwenye karatasi za muuzaji, mana hiyo ndo utakayoipeleka kubadilishia kadi ya gari. Namba iliyosagwa au kugongwa upya, iache hapohapo.