Kaktasi ya shungi niliyonunua Goma: mmea mzuri, udongo mbaya

Kaktasi hii niliinunua kwa muuza maua wa kando ya barabara hapa Goma, kwa dola 15 pamoja na chungu chake, na kwa kuwa imekwisha kupita misimu ya mvua na ya kiangazi barazani kwangu, naweza kuieleza kwa uhakika. Ni Mammillaria elongata ya shungi. Mmea wa kawaida wa jina hilo, wenye asili ya Mexico, huota vijiti vyembamba vilivyosimama. Huu wangu umejikunja mikunjo juu ya mikunjo mithili ya ubongo, na umefunikwa kwa miiba mifupi ya manjano ambayo haichomi ukiipitishia kidole taratibu.

Umbo hilo la mikunjo ndilo liitwalo shungi, na mmea umejiotea wenyewe. Kaktasi nyingine hukua kutoka kwenye nukta moja iliyo kileleni, lakini katika hii nukta hiyo imetandaa ikawa mstari, na kadiri mstari unavyorefuka ndivyo mmea unavyolazimika kujipinda ili upate nafasi. Mbegu hurithisha shungi kwa nadra sana, ndiyo maana wakulima hukata kipande na kukibebesha juu ya shina la kaktasi nyingine. Yangu imebebeshwa juu ya shina la kijani lenye pembe tatu, la ule mmea unaozaa pitaya. Kabla ya kulipa nilikagua maungio: hayakuwa na ufa wala weusi, na kipande cha juu hakikutikisika nilipokisukuma kidogo. Kazi hiyo ilifanywa vizuri, na muuzaji anastahili sifa.

Lawama yangu ni udongo. Mmea uliuzwa ndani ya udongo laini wa shamba uliochanganywa na mbolea, na nilipoutoa chunguni lilitoka bonge zima, juu limekauka na katikati bado limelowa maji. Mizizi ya kaktasi ikikaa namna hiyo huoza, na katika mji wetu jambo hilo halina sababu hata kidogo, kwani tumejenga juu ya lava. Changarawe nyeusi ya volkano yenye matundu, ambayo wapenzi wa kaktasi wa Ulaya huinunua kwa mifuko, sisi tunaikanyaga mitaani. Niliipepeta, nikaiosha mpaka maji yakatoka safi, kwa sababu vumbi lake likibaki huziba njia za maji, kisha nikachanganya sehemu tatu za changarawe na sehemu moja ya udongo ule ule, ndani ya chungu cha udongo wa kuchoma chenye tundu pana. Tangu hapo shina limekuwa gumu na shungi limeanza kutoa miiba mipya ukingoni.

Kuhusu maji, ninatumia ya mvua niliyokinga kwenye bidoni. Maji ya bomba la Goma hutoka Ziwa Kivu, nayo yana chumvichumvi nyingi za magadi, ilhali kaktasi hupenda maji yenye uchachu kidogo. Ukiyatumia daima utaona ukoko mweupe ukijijenga juu ya changarawe. Humwagia chini, kamwe si juu ya shungi, kwa kuwa maji yakituama ndani ya mikunjo huozesha. Kwa sababu hiyo hiyo chungu hukaa chini ya paa, mahali panapopata jua la asubuhi, na mvua zetu ndefu haziufikii.

Mikunjo hiyo ndiyo pia maficho ya vidung'ata, wale wadudu weupe wanaoonekana kama vipande vya pamba. Kagua kwa tochi, na ukiwaona wapake alkoli kwa kijiti chenye pamba. Mara kwa mara huchomoza pia kijiti cha kawaida pembeni mwa shungi. Kikate mapema kwa kisu kisafi, maana hukua haraka kuliko shungi na mwishowe hulimeza.

Ningeinunua tena kwa bei hiyo hiyo, ila ningemwomba muuzaji aniuzie bila udongo. Mnunuzi awe macho pia na mmea mwingine unaouzwa hapo hapo kwa jina la kaktasi, wenye shungi lililotandazwa kama upepeo. Huo ni Euphorbia lactea, wenye asili ya Asia, na ukikwaruzwa hutoa utomvu mweupe unaowasha ngozi na kudhuru macho. Miiba ya kaktasi halisi hutoka kwa vishada kwenye vituta vidogo vyenye sufi. Mwenye watoto wadogo nyumbani avitafute vituta hivyo kabla ya kutoa fedha.