Kabla ya kuuliza teraflopu, uliza tundu la CD liko wapi

Niliingia dukani Kariakoo kununua mashine ya gemu, PlayStation 5 (PS5) ya Sony, nikijiona mjuzi. Nilikuwa nimesoma, nimelinganisha, namba zote nimeziandika kwenye simu, hasa teraflopu, kile kipimo cha nguvu ya kuchora picha. Nikamuuliza muuzaji: "Hii PS5 yako ina teraflopu ngapi?" Kijana akacheka kidogo, akasema, "Kumi na kitu, dada. Zote ni zile zile." Na hakunidanganya. PS5 ya CD na PS5 ya Digital za toleo la kwanza zina chipu moja, RAM (kumbukumbu ya kazi) ile ile, SSD (hifadhi ya ndani) ile ile. Nikalipa, boksi likapandishwa kwenye bajaji.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa ananisubiri na CD tatu mkononi: mbili zake za PS4 na moja ya kuazima. Akaitoa mashine, akaisimamisha, akailaza, akapapasa ubavu huu, akapapasa na ule. Kisha akauliza kwa upole, ule upole unaouma kuliko kelele: "Dada, CD inaingilia wapi?"

Haikuwa na pa kuingilia: nilikuwa nimenunua ile ya Digital, isiyo na kisoma-CD. Niliporudi dukani nikaoneshwa maandishi madogo chini ya risiti: mali ikishafunguliwa hairudishwi. Na lile toleo la kwanza la Digital huwezi hata kuliongezea kisoma-CD baadaye.

Kwa hiyo mnaponiuliza ni mashine ipi yenye graphics kali kuliko zote, nitawajibu, lakini mjue kabisa kwamba mimi siku hizi napanga kwa tundu.

Tumalizane kwanza na hizo teraflopu. Ni hesabu ya kuzidisha tu. PS5 ina vitengo 36 vya kuchora picha, kila kimoja kina njia 64, kila njia hufanya hesabu mbili kwa pigo moja la saa, na saa hiyo ya chipu hufika 2.23GHz, yaani mapigo bilioni 2.23 kwa sekunde. Zidisha, utapata hesabu trilioni 10.28 kwa sekunde, yaani teraflopu 10.28. Xbox Series X ya Microsoft ina vitengo 52 kwa 1.825GHz, inapata 12.15. Kwenye karatasi Microsoft wameshinda, hata mimi mpenzi wa Sony siwezi kubisha. Ila SSD ya PS5 inasoma GB 5.5 kwa sekunde, ya Series X GB 2.4. RAM zote mbili ni GB 16, lakini ya PS5 yote inakwenda kwa mwendo mmoja wa GB 448 kwa sekunde, wakati ya Series X imegawanywa: GB 10 zinakimbia kwa 560, GB 6 zinajikokota kwa 336. Mwisho wa siku, gemu moja ukiliwasha kwenye mashine zote mbili, itabidi usimamishe picha na kusogeza pua kwenye kioo ndipo uone tofauti. Na kama TV yako ni ile ya inchi 32 ya nukta 1366 kwa 768, kama ya sebuleni kwetu, hata pua haitakusaidia.

Tundu ndilo linaloamua utaishi vipi na mashine yako. Isiyo na tundu inakula bando. Mdogo wangu alikesha na hotspot ya simu yangu akishusha gemu moja la mpira. Asubuhi nimeamka bando limekwisha, gemu limefika asilimia 61. Halafu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, mtandao wa Sony wenye duka la gemu, kwa hiyo unafungua akaunti ya nchi nyingine na kununua kadi za kuongezea salio kwa mtu wa kati, ambaye naye hajasahau cha juu chake. CD haina hayo mambo. Ukilichoka gemu unaliuza, unabadilishana na jirani, unampa binamu akiwa anarudi Morogoro. Gemu la kushusha ukishalilipia ni lako na akaunti yako, basi. Ni kweli CD nayo inajinakili kwenye SSD, na ina masasisho yake, lakini sehemu kubwa ya mzigo umeshaingia bila kugusa bando.

Ya kwanza kwangu, wala sioni aibu kusema nina upande, ni PS5 Slim yenye kisoma-CD, ile iliyotoka mwishoni mwa 2023. Ina SSD ya TB 1, na karibu CD zote za PS4 zinacheza. Pedi yake ya DualSense bado sijaona mpinzani. Ukivuta upinde ndani ya gemu unausikia uzito kwenye kidole. Kisoma-CD chake kinachomoka, na hapa kuna mtego: kikipachikwa mara ya kwanza lazima mashine iunganishwe na intaneti ili kisajiliwe. Ukinunua ya mtumba, hakikisha kimesajiliwa kwenye mashine hiyo hiyo na kinasoma. Kwenye boksi tafuta namba ya modeli inayoanza na CFI. Herufi A baada ya tarakimu ni ya CD, B ni Digital. Mimi herufi hiyo moja imenigharimu sana.

Ya pili, Xbox Series X yenye CD. Nguvu inayo, tena inafanya jambo ambalo Sony wametunyima: inasoma CD za Xbox One na baadhi za Xbox 360, wakati PS5 ukiipa CD ya PS3 inakutazama tu. Lakini tangu Oktoba 2024 kuna Series X nyeupe isiyo na tundu. Nyeupe hiyo iacheni dukani. Nami bado nina kinyongo cha 2013, Microsoft walipotambulisha Xbox One iliyotakiwa kujiripoti mtandaoni kila baada ya saa 24, pamoja na masharti kwenye CD za mtumba. Watu wakapiga kelele, mwezi Juni wakaufuta mpango. Mimi sijasahau.

Nintendo Switch 2 naiweka ya tatu. Kwa nguvu haiwafikii wakubwa hao wawili, ila ina RAM ya GB 12, kioo chake cha inchi 7.9 kina picha ya 1080p, chipu ya Nvidia inainoa picha kwa DLSS (akili bandia ya kukuza picha), na kwa kuwa ina betri na unaishika mkononi, umeme ukikatika wewe unaendelea. Inatumia kadi badala ya CD, jambo ambalo lingenifurahisha kama wasingeleta kadi zinazoitwa Game-Key. Kadi hiyo ndani haina gemu! Ni ufunguo tu. Gemu unalishusha mwenyewe kwa bando lako. Ni kama kuuziwa sufuria yenye picha ya pilau.

PS5 Pro ndiyo jibu la swali mlilouliza. Vitengo 60, teraflopu 16.7, SSD ya TB 2, graphics kali kuliko yoyote hapa. Na Sony wangu hao hao wakaitoa Novemba 2024 kwa dola 699 za Marekani bila kisoma-CD, aliyekitaka aliongeza takriban dola 80. Kama una TV ya 4K na hela haikuumizi, chukua. Mimi iliniuma hata kusoma tangazo.

Xbox Series S: teraflopu 4, RAM GB 10, tundu hakuna. Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika Xbox mwaka 2023 kwa sababu ya kamashine haka. Ruka.

PS4 iliyochipiwa, yaani iliyochezewa isome gemu zisizolipiwa, na kujazwa gemu: teraflopu 1.84, na mtandaoni unaweza kufungiwa.

Sasa bei. Tumezoea vitu hivi vishuke kadiri vinavyozeeka. PS5 ya CD ilianza 2020 kwa dola 499 Marekani. Agosti 2025 Sony wakaipandisha hadi 549. Series X, nayo ilianza 499, ilifika 649 Oktoba mwaka huo huo. Hapo haijapanda meli, haijapita ushuru, haijafika kwa mwenye fremu anayekwambia "ya Dubai hiyo, dada, original" kana kwamba Dubai ndiko zinakotengenezwa. Nikimuuliza kwa nini ya Digital anaiuza bei sawa na ya CD, anarudia wimbo ule ule: nguvu ni moja.

Mwezi uliopita nilimsindikiza rafiki yangu kununua. Nilibeba CD moja kwenye pochi. Muuzaji alipoona naitoa akakunja uso: "Dada, kwani mimi mwizi?" Nikamwambia hapana, kaka yangu, washa tu. Ikawashwa, nikaisogeza CD, mashine ikaivuta kutoka vidoleni mwangu. Rafiki yangu alikuwa tayari anahesabu hela. Nikamwambia asubiri kwanza picha ya gemu itokee kwenye kioo, na kaka aandike namba ya modeli yote kwenye risiti, pamoja na ile herufi.