Artesunati ao kinini: gani inaharibika haraka mu mikono yetu?
Benye munaanza staji pediatri hapa Goma, kwa malaria kali artesunati njo dawa ya kwanza, kinini ya mushipa ni wakati artesunati haiko. Utafiti wa 2010 ku batoto ya Afrika ulionyesha vifo 8.5% kwa artesunati, 10.9% kwa kinini.

Lakini artesunati kosa yake iko ku kuchanganya. Flakoni (kachupa ka dawa) ya mg 60 unatia kwanza bikarbonati ml 1, unatingisha mpaka inakuwa maji safi kabisa, kisha serumu ya chumvi ml 5 kama ni ya mushipa (ml 2 kama ni ya kuchoma ku nyama), na ikipita saa moja unatupa, usiiache ku meza ati utaitumia magaribi. Mutoto chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kilo, si 2.4 kama mukubwa, bengi banasahau ile.

Kinini nayo ni perfizyo (dawa inashuka polepole ku mushipa) ya saa ine, kuhesabu matone usiku kucha, na sukari inashuka. Kuna siku niliona mutoto jasho tu, mikono baridi, bote banasema analala, kumbe glisemi (sukari ya damu) iko chini sana! Na kuisukuma na sindano mbiombio ku mushipa, hapana hata kidogo, moyo inaweza simama.