Kozi ya Verilog niliyomaliza: mazoezi yote kijani, bodi ikanuna

Nimemaliza juzi kozi ya mtandaoni ya Verilog (lugha ya kuandika saketi za kidijitali zinazokaa kwenye chipu), ile ya video na mazoezi yanayojisahihisha yenyewe, wiki nane nzima nikijikongoja kila usiku baada ya kazi. Jina la kozi naliacha. Ila naandika kabla sijasahau maana najua kuna wengi wanaotaka kuingia huku wakidhani ni kama kujifunza Python. Siyo kabisa yani.

Nianze na kilichonikosha. Somo la kwanza mwalimu hakugusa hata kibodi, alichora mageti mawili (vipande vidogo vya saketi vya mantiki ya 0 na 1) na waya kwenye karatasi akasema chora wewe kwanza, ukishindwa kuchora basi huna cha kuandika. Mi nikaona ananichelewesha tu. Nimezoea programu, mstari wa kwanza unaenda halafu wa pili unafuata, kumbe huku mistari yote ya assign inafanya kazi kwa mpigo mmoja kwasababu kila mstari ni waya uliopo pale muda wote, huwezi kuuambia waya "subiri mwenzio amalize". Hata lupu ya for haizunguki, inanakili saketi, ukiandika mara 8 unapata nakala 8 zimekaa kwenye chipu zinakula nafasi. Hilo peke yake lilinichukua wiki mbili kuingia kichwani na bila ile karatasi nadhani ningekuwa bado nabishana.

Somo bora kuliko yote ni la = na <=. Zote mbili ni alama za kuipa ishara thamani. Zoezi lilikuwa rejista ya kusogeza, yani flipuflopu (kila moja inakumbuka biti moja) zilizopangwa foleni, hatua tatu, data itoke a iende b, kisha c, kisha d. Nikaandika kwa = kama kawaida yangu, nikaendesha, nikafungua mawimbi (grafu ya ishara kadiri muda unavyokwenda), nakuta data imeruka kutoka a mpaka d ndani ya pigo moja la kloki (ishara inayopiga mdundo wa saketi nzima), flipuflopu tatu zimekuwa kama moja! Nikaweka <= , hapo kila moja inasoma thamani ya jirani yake ya kabla ya pigo, data ikaanza kupanda ngazi moja moja vizuri. Mwalimu hakutoa kanuni mapema, alikuacha uanguke kwanza ndo anakuja kusema: kwenye bloku ya kloki tumia <=, kwenye mantiki isiyo na kloki tumia =. Sasa hivi hata uniamshe usiku wa manane nakutajia.

Vifaa navyo safi. Wanatumia Icarus Verilog kusimuleti (kuijaribu saketi ndani ya kompyuta) na GTKWave kuangalia mawimbi, vyote bure na vyepesi, laptopu yangu kongwe haikulalamika. Zile programu kubwa za watengeneza FPGA (chipu unayoipangia saketi yako mwenyewe) zinaweza kumeza makumi ya gigabaiti kwenye diski kabla hujaandika hata geti moja, kwa hiyo hapo wamewafikiria wanafunzi.

Sa tuje kwenye lawama.

Mifano yao bado iko kwenye mtindo wa 1995. Unataja majina ya milango yote ya moduli juu, halafu unarudia chini kusema ipi inputi ipi outputi, wakati tangu toleo la 2001 unaandika mara moja tu unaendelea na maisha. Hilo ni usumbufu mdogo. Kubwa ni kwamba wanakufundisha kuorodhesha kwa mkono ishara za always (bloku inayofanya kazi kila ishara hizo zikibadilika), na ukisahau moja simulesheni inasema hivi chipu inasema vile, wala hujui nani muongo. Dawa yake ni always @*, inayojiorodheshea yenyewe, na ipo tangu hiyo hiyo 2001! SystemVerilog (lugha pana zaidi iliyokua kutoka Verilog) hawaigusi hata kwa salamu, japo tangu 2009 Verilog yenyewe imeshaunganishwa humo kwenye kiwango cha IEEE 1800.

Lakini kilichoniuma hasa ni hiki: mazoezi yanasahihishwa kwa simulesheni tu. Mi nilikuwa na kijani kila mahali, kifua mbele, nikaazima bodi ya FPGA kwa rafiki nimuonyeshe ufundi. Asee. Cha kwanza, nilikuwa nimetia #10 katikati ya saketi ili "isubiri kidogo", simuleta inaiheshimu, ila kifaa cha kugeuza kodi kuwa saketi (kodi hii sio ile ya kulipa) kinaipuuza tu, kwenye chipu hakuna kitu kama hicho. Cha pili, case yangu (bloku ya kuchagua kulingana na hali) haikuwa na default (jibu la hali zilizobaki), ikanizalia lachi (kumbukumbu isiyosubiri kloki) ambayo sikuiomba, kisa kuna hali ambayo sikusema outputi iwe nini kwahiyo saketi ikaamua kukumbuka ya zamani. Kulikuwa na onyo kwenye skrini, nani husoma maonyo.

Taa nayo kichekesho. Niliiunga kwenye biti ya kwanza ya kaunta (saketi inayohesabu mapigo ya kloki), kloki ni ya 12 MHz, biti hiyo inapepesa mara milioni 6 kwa sekunde, jicho linaona taa imefifia tu haizimi haiwaki. Ikabidi nitumie kaunta ya biti 24 nichukue biti ya juu kabisa, hapo inawaka na kuzima kila sekunde 1.4 hivi.

Halafu kitufe. Nabonyeza mara moja kinahesabu nne, nabonyeza tena kinahesabu saba. Chuma ndani ya kitufe kinadundadunda milisekunde kadhaa, na milisekunde moja tu kwa kloki hiyo ni mapigo 12,000, lazima ihesabu upuuzi. Inatakiwa uipitishe ishara kwenye flipuflopu mbili kwanza ili iende sawa na kloki, kisha usubiri itulie ndo uiamini. Wiki nane za video, hakuna neno hata moja kuhusu hili!

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama binari na jedwali la ukweli bado vinakupa shida usianzie hapa, wanakimbia sana mwanzoni. Sehemu ya pili ni ya mashine za hali (saketi zinazohama kutoka hali moja kwenda nyingine), nishajiandikisha, ila safari hii bodi inakaa mezani kuanzia siku ya kwanza, rafiki yangu atanisamehe.