Siku mbili Pangani: mwongozaji nampa tano, boti naipa mbili

Mimi ni mtu wa Korogwe. Mto Pangani nimeuona tangu utotoni ukipita kwetu, ila pale unapoingia baharini sikuwahi kufika hadi mwezi uliopita, nilipokwenda na shangazi kwa njia ya Muheza.

Kijana aliyetutembeza mjini anaijua kazi yake. Hakwenda mbio. Kwenye mlango mmoja wa kuchonga, mtaa wa nyuma, alimwambia shangazi apitishe kidole kwenye mnyororo uliochongwa pembeni mwa fremu, akasema ni alama ya biashara ya watumwa. Shangazi akamkatalia: kwao mnyororo ule ni wa kulinda nyumba. Wakabishana mpaka muuza kahawa akaingilia, na mimi nikapata vikombe viwili na kashata.

Mbele ya Boma ndipo alipotusimulia ya Agosti 1888, Zelewski wa kampuni ya Kijerumani, ambaye watu walimwita Nyundo, alipotaka kupandisha bendera yake kwa ubabe. Mji ukawaka. Bushiri bin Salim akaongoza vita, na tarehe 15 Desemba 1889 Wajerumani wakamnyongea hapa hapa Pangani. Nyundo mwenyewe Wahehe walimmaliza Lugalo, kule Iringa, mwaka 1891. Hayo yote nimeyapata kwa mdomo wa kijana. Kibao cha kumtaja Bushiri sikukiona, na hilo liliniudhi.

Tukavuka kwa pantoni hadi Bweni. Upande huo ndiko Kikogwe, mkonge ulikopandwa kwanza nchini mwaka 1893. Sisi tuliosomeshwa na mkonge, kupaona pale si jambo dogo.

Sasa boti ya Maziwe. Tuliambiwa tuondoke saa mbili asubuhi, tukaondoka saa nne kwa kumsubiri fundi wa injini. Maziwe ni fungu la mchanga tu, miti yake iliondoka zamani, na maji yakijaa linafunikwa lote. Tulipofika, mchanga uliobaki ulikuwa kama uwanja wa netiboli. Shangazi alikaa juu ya ndoo ya barafu, viatu mkononi, maji yakimlamba miguu. Nahodha akasema, "Mchanga upo, mama, uko chini tu." Pesa hakupunguza.

Mkienda, waulizeni wavuvi, si mwenye boti, maji yanakupwa saa ngapi. Na muende siku za bamvua, maji yanapokupwa kupita kawaida.