Fomu za Google au Moodle: walimu waweke wapi maswali yao ya pamoja?

Walimu wa hisabati wa shule tatu za Chamwino wakitaka kutunga majaribio ya Kidato cha Pili pamoja, Fomu za Google ndizo zinazoanza haraka: unawasha sehemu ya jaribio, unaweka majibu na alama, unatuma linki WhatsApp. Basi.

Kasoro hujitokeza muhula unaofuata. Swali likichukuliwa kutoka fomu moja kwenda nyingine, kinachohamia ni nakala. Mwalimu wa Mvumi akirekebisha jibu lililokosewa, fomu ya mwenzake wa Buigiri inabaki na kosa, na mwanafunzi anakatwa alama kwa jibu sahihi.

Moodle, mfumo wa kufundishia na kutahini mtandaoni, ina benki ya maswali: hifadhi moja ambayo majaribio huchota maswali yake. Tangu Moodle 4.0 ya mwaka 2022, swali likisahihishwa, jaribio lililopangwa kutumia toleo jipya zaidi la swali hulichukua lenyewe. Mfumo unaweza pia kumchagulia kila mwanafunzi maswali 5 kati ya 20. Kwenye madawati yaliyobanana, ambapo ni rahisi kutazamiana, hilo si dogo. Maswali mengi huingizwa kwa pamoja kwa faili ya GIFT, muundo wa maandishi ya kawaida ambao Moodle huusoma: jibu sahihi hutanguliwa na =, mabaya na ~. Hapo ndipo hisabati hugoma, maana hata = ya x = 6 husomwa kama mwanzo wa jibu. Andika x \= 6, na uhifadhi faili kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8.

Ila Moodle inataka seva (kompyuta ya kuuendeshea mfumo) na mtu wa kuiwekea nakala rudufu. Kama hayupo, tumieni fomu, lakini maswali asilia yakae kwenye jedwali moja lenye safu za mada, swali, jibu na tarehe ya marekebisho.